Bikari Isiyobadili Mwanya

Fungua bikari kwa kiasi upendacho, tuseme sentimita 5, ikaze, kisha usiiguse skrubu yake mpaka kazi iishe. Weka nukta kwenye karatasi, iite A, upige duara. Chagua nukta yoyote juu ya duara hilo, iite B, hamishia sindano hapo na upige duara la pili kwa mwanya ule ule. Maduara yatakatana mahali pawili, juu na chini. Paite C na D. Sasa chukua kitu chochote kilichonyooka, hata ukingo wa jalada la daftari, uunganishe A na C, C na B, B na D, D na A. Hiyo ni rombasi kamili, na tangu ulipofungua bikari hujasoma namba yoyote kwenye rula.

Nafundisha hisabati kidato cha kwanza na cha pili hapa Morogoro, na kila mwaka tukifika kwenye michoro ya bikari naanza na huu. Sababu yangu ni swali moja: umejuaje kwamba pande zote nne ziko sawa? Mwanafunzi aliyechora hivi ana jibu ambalo halitegemei macho yake. AC na AD ni nusu kipenyo cha duara la kwanza. BC na BD ni nusu kipenyo cha duara la pili. Maduara yote mawili yametoka kwenye mwanya mmoja. Anayetumia rula peke yake huchora pande tatu vizuri, halafu wa nne unakuja sentimita 4.8 au 5.3, anafuta, anasogeza, anafuta tena, na hata akibahatisha hawezi kukwambia kwa nini safari hii imekubali.

Vifaa vyenyewe vinastahili heshima, kwa sababu hoja nzima inasimama juu ya mwanya usiobadilika, na bikari nyingi za kwenye mikebe ya wanafunzi zimelegea. Mwanya ukipanuka hata nusu milimita katikati ya kazi, kona hazikutani. Nawaambia wakaze skrubu kwa bisibisi ndogo, wakunje kikaratasi kati ya penseli na kishikio chake isicheze, wachonge penseli iwe kali, na waweke daftari chini ya karatasi ili sindano izame. Ubaoni, bikari ya mbao ikiwa haipo, natumia chaki na kamba ya katani. Uzi wa sufi haufai, unavutika, na kila ukivutika umebadili mwanya.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya shule huliruka, nami nalisema kila mara. Matao yakikatana kwa pembe pana, nukta ya makutano inaonekana wazi. Yakikatana kwa pembe nyembamba sana, mistari miwili ya penseli hulaliana kwa milimita kadhaa, na mchoraji hajui kona aiweke wapi. Maduara mawili ya A na B hukatana kwa pembe nzuri, ndiyo maana hata bikari ya bei rahisi hutoa rombasi ya kuridhisha.

Mchoro wenyewe ni wa kale sana. Euclid, aliyefanya kazi Alexandria nchini Misri karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, aliandika Elements, vitabu 13, na jambo la kwanza kabisa analolijenga humo ni maduara haya mawili. Yeye alitaka pembetatu yenye pande tatu sawa, kwa hiyo alichukua makutano ya upande mmoja tu. Ukichukua na yale ya upande wa pili, pembetatu mbili zinashirikiana kitako kimoja, AB, na tayari rombasi imesimama. Pembe zake ni nyuzi 60 na nyuzi 120. Mshazari mfupi, AB, una sentimita 5 kama pande zake. Mshazari mrefu, CD, una takriban sentimita 8.66.

Sheria za Euclid zilikuwa kali kuliko zetu. Ukingo wake ulionyooka hauna alama za kupimia. Bikari yake ni kama inajifunga yenyewe ikiinuliwa kwenye karatasi, hivyo katika hoja ya pili na ya tatu ya kitabu chake cha kwanza ilimbidi aonyeshe kwamba urefu unaweza kuhamishwa kutoka mahali hadi mahali hata kwa bikari ya namna hiyo. Baada ya hapo ndipo sisi sote tunapata ruhusa ya kubeba mwanya. Kwenye jambo moja lakini siko naye: katika maelezo yake ya maumbo aliutenga mraba na rombasi, akasema rombasi ina pande sawa lakini haina pembe mraba. Vitabu vya leo huuhesabu mraba kuwa rombasi mojawapo, na nadhani ndiyo njia bora. Chochote ulichokithibitisha kwa rombasi ni kweli kwa mraba pia, na sioni faida ya kukithibitisha mara mbili.

Na vya kuthibitisha si vingi. Chora mshazari mmoja wa rombasi. Umepata pembetatu mbili zenye pande tatu zilizo sawa, moja kwa moja na mwenzake, kwa hiyo ziko sawa kabisa, na pembe zao pia. Kutoka hapo, kwa mistari michache, unapata kwamba mshazari hukata pembe ya kona katikati, kwamba mishazari miwili hukatana katikati na kwa pembe mraba, na kwamba pande zinazoelekeana ni sambamba. Mambo matatu hayo yakishaingia kichwani, sehemu kubwa ya michoro ya bikari inayofundishwa shuleni haihitaji kukaririwa tena.

Tazama kugawa pembe katikati. Unaweka sindano kwenye kona, unakata mikono miwili ya pembe kwa tao. Kutoka kwenye alama hizo mbili, bila kubadili mwanya, unapiga matao mengine mawili yanayokutana mbele. Unaunganisha makutano na kona. Wanafunzi wengi wanaijua njia hii kama wimbo, lakini hawajawahi kuona kwamba kona, alama mbili na makutano ni kona nne za rombasi, na kwamba ule mstari wa mwisho ni mshazari wake. Pembe imegawanyika kwa sababu mshazari wa rombasi hauna jinsi nyingine.

Tazama sasa kutafuta katikati ya mstari. Unafungua bikari zaidi ya nusu ya mstari, unapiga matao kutoka ncha zote mbili, juu na chini. Ncha mbili na makutano mawili ni kona za rombasi, na mstari uliopewa ni mmoja wa mishazari yake. Ndiyo sababu ule wa pili unaukata katikati, tena kwa pembe mraba. Kushusha wima kutoka nukta iliyo nje ya mstari ni hivyo hivyo: kutoka kwenye nukta unakata mstari mahali pawili, kisha kwa mwanya ule ule unatoka mahali hapo pawili na kukutana upande wa pili. Rombasi nyingine, imelala juu na chini ya mstari.

Ninaoupenda zaidi ni mstari sambamba. Umepewa mstari na nukta P iliyo nje yake. Weka sindano kwenye P, ufungue bikari mpaka iukate mstari, paite A. Kutoka A, kwa mwanya huo huo, piga alama juu ya mstari, paite B. Kutoka B na kutoka P, bado kwa mwanya huo, piga matao yanayokutana mahali Q. PA, AB, BQ na QP zote ni mwanya mmoja, basi hiyo ni rombasi, na PQ ni sambamba na mstari wako. Hukuhitaji kunakili pembe wala kusukuma kipembetatu kando ya rula. Nilipoumaliza mchoro huu darasani mwaka jana, binti mmoja wa kidato cha pili aliinua mkono akasema, "Madam, kwa hiyo muda wote huu tunachora kitu kimoja?" Nilimwambia ndiyo, na nikawapa wenzake kazi ya kurudi kwenye daftari zao na kutia rangi rombasi iliyofichwa katika kila mchoro wa wiki ile.

Kuna mpaka, na wanafunzi wana haki ya kuujua. Rombasi hugawa pembe mara mbili, mara nne, mara nane, na kuendelea. Kugawa pembe yoyote ile mara tatu sawasawa kwa bikari na ukingo haiwezekani. Pierre Wantzel, Mfaransa, alithibitisha hivyo mwaka 1837, baada ya watu kulihangaikia swali hilo kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Wazo la kushika mwanya mmoja tangu mwanzo hadi mwisho lina historia yake, na sehemu nzuri ya historia hiyo iko Baghdad. Abu al-Wafa al-Buzjani, aliyezaliwa mwaka 940 huko Khorasan, aliandika kitabu kwa Kiarabu kuhusu kazi za handasa anazozihitaji fundi. Humo anaonyesha michoro kadhaa inayokamilika kwa bikari ambayo mwanya wake haubadilishwi. Ni jambo lenye manufaa kwa mtu wa kazi: kila unapofungua na kufunga chombo unaingiza kosa dogo, na makosa madogo hujumlishana. Katika kitabu hicho hicho anaeleza vikao vya mafundi na wanahandasa waliobishana namna ya kukata miraba mitatu iliyo sawa na kuiunga iwe mraba mmoja. Mafundi walikuwa na njia za kukata zilizopendeza machoni, na baadhi yake hazikuwa sahihi. Wanahandasa walijua urefu wa upande unaotakiwa lakini hawakuweza kusema vipande vikatwe vipi. Abu al-Wafa akaleta njia inayokatika kweli na inayothibitika. Nampenda kwa sababu hakudharau upande wowote kati ya hizo mbili.

Jirani yangu ni fundi wa kuchomelea, na magrili yake ya madirisha mengi yana rombasi katikati. Nilimkuta siku moja amekata vipande vingi vya nondo, vyote vya urefu mmoja, amevipanga sakafuni bila bikari na bila kupima pembe.

"Mwalimu," akaniambia, "zote nimezikata sawa, lakini ukiziacha hivi zinacheza. Lazima uwe na hiki."

Akanionyesha kijiti cha chuma chembamba. Kabla ya kuchomea kila rombasi alikiweka kati ya kona ya juu na ya chini, akasukuma nondo mpaka zikakigusa, ndipo akachomea. Grili lote likatoka na umbo moja.

Nimekieleza kijiti hicho darasani mara nyingi, kwa sababu kina jiometri kamili ndani yake. Pembetatu ukishaijua pande zake tatu haina uhuru tena, imesimama. Umbo la pande nne lina uhuru: pande nne za sentimita 20 zaweza kuwa mraba, zaweza kubanwa zikawa rombasi nyembamba, zaweza hata kulazwa zikawa mstari. Zinacheza. Ili kuchora rombasi moja mahususi unahitaji upande na kipimo kimoja cha ziada. Ukiwa na mshazari, kama fundi wangu, kazi ni nyepesi: chora mshazari, kisha kutoka ncha zake mbili piga matao kwa urefu wa upande, juu na chini. Hakikisha tu upande unazidi nusu ya mshazari. Mshazari wa sentimita 10 na upande wa sentimita 5 hugusana kwenye mstari wenyewe na rombasi haifunguki. Upande wa sentimita 4 haufiki kabisa.

Ukiwa na pembe badala ya mshazari, anza na kona: kata mikono yake kwa mwanya ulio sawa na upande, kisha piga matao mawili mbele, kama tulivyofanya kugawa pembe. Ukipewa mishazari yote miwili, tuseme sentimita 8 na sentimita 6, chora wa kwanza, utafute katikati yake na wima wake, pima sentimita 3 kila upande wa wima, unganisha. Pande zitakuja sentimita 5 bila wewe kuziomba, kwa sababu kila robo ya umbo ni pembetatu yenye pembe mraba na pande za 3, 4 na 5. Eneo lake ni nusu ya 8 mara 6, yaani sentimita za mraba 24.

Huo uhuru wa kucheza, unaomkera mchomeleaji, dereva anauhitaji. Angalia jeki ya gari ile yenye mikono minne na skrubu ndefu iliyolala katikati. Mikono ni pande za rombasi, na skrubu ni mshazari mmoja. Ukizungusha, mshazari uliolala unafupika na ule uliosimama unarefuka. Tuseme mikono ina sentimita 20. Skrubu ikiwa na sentimita 32 kati ya kona, kimo ni sentimita 24. Ukiibana mpaka sentimita 24, kimo kimefika sentimita 32. Na gari linapanda wima, halisukumwi pembeni, kwa kuwa mishazari ya rombasi hukatana kwa pembe mraba katika kila hatua ya safari hiyo. Mageti ya kukunja ya maduka ni rombasi nyingi zilizoungwa, zote zikibanwa au kutandazwa kwa pamoja.

Kutoka hapo nafika kwenye swali ambalo mwanafunzi makini huuliza wakati fulani: rula ya kwanza ilinyooshwa kwa rula ipi? Duara halina shida hiyo. Msumari na kamba hutoa duara bila kuwa na duara jingine la kunakili. Mstari ulionyooka ni mgumu zaidi. James Watt, mwaka 1784, alipata mpangilio wa fito uliotoa mstari unaokaribia kunyooka, akautumia kwenye injini zake za mvuke, lakini ulikuwa wa kukaribia tu. Jibu kamili lilitoka mwaka 1864 kwa Charles-Nicolas Peaucellier, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, na katikati ya chombo chake kuna rombasi.

Kinatengenezeka kwa boksi gumu na pini. Kata vipande vitano vyenye sentimita 5 kati ya tundu na tundu, na viwili vyenye sentimita 13. Unga vinne vya sentimita 5 viwe rombasi inayocheza. Vile viwili virefu vianzie kwenye pini moja iliyokazwa ubaoni, iite O, na kila kimoja kishike kona moja ya rombasi, kona zinazoelekeana. Kona mbili zilizobaki ni P, iliyo karibu na O, na Q, iliyo mbali. O, P na Q hubaki kwenye mstari mmoja daima. Jambo la ajabu ni kwamba ukizidisha umbali wa O hadi P kwa umbali wa O hadi Q, unapata 144 kila mara, ambayo ni 13 mara 13 kutoa 5 mara 5. P ikiwa sentimita 9 kutoka O, Q iko sentimita 16. P ikirudi hadi 8, Q inasukumwa hadi 18. Wanafunzi huanza kuniamini pale wanapopima wenyewe.

Kilichobaki ni kile kipande cha tano. Kaza ncha yake moja ubaoni kwa pini iliyo sentimita 5 kutoka O, na nyingine uiunge na P. Sasa P inalazimika kutembea juu ya duara linalopita O, na kwa sababu zao hilo la 144 halibadiliki, duara la P linageuka kuwa mstari ulionyooka wa Q, sentimita 14.4 kutoka O. Tia penseli kwenye tundu la Q. Kwa vipimo hivi utapata mstari wa karibu sentimita 20, uliochorwa na mizunguko mitupu. Toboa matundu kwa sindano ya kushonea magunia wala usitumie msumari, kwa sababu tundu likiwa pana kuliko pini mstari utayumba, na kila kipande pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, si kutoka ukingoni.